Moto wa Chemchemini

Katika msitu ule wa serikali, warina asali walipiga kambi popote walipotaka. Kila mtu alikuwa na moto mmoja, na mahali palikuwa pake mpaka auzime mwenyewe. Mwaka wa ukame, tajiri Kasanda aliiwahi chemchemi pekee. Mrina mwenzake, Nyamizi, alipofika na kibuyu kitupu, Kasanda alimfukuza.

"Moto wangu unawaka, mama. Katafute pako."

Nyamizi akapanda kilimani, akawasha moto kati ya mawe, akaanza kuzungushia boma la miiba. Kasanda akamfuata.

"Unaficha nini huku?"

"Sifichi kitu, bwana. Ni mawe tu."

"Nani huyo anayelinda mawe kwa miiba? Zima moto, unipishe."

"Na chemchemi yako?"

"Naiacha. Nakwenda kuzima wangu sasa hivi."

Akashuka, akaumwagia moto wake maji, akarudi na mizigo yake yote. Nyamizi akazima wake, akashuka taratibu.

Jioni Kasanda alikuja chemchemini, kucha zimejaa udongo.

"Nimechimba kote. Kule ni mawe matupu."

"Si nilikwambia, bwana," Nyamizi alisema, akisukumia kuni motoni. "Lete kibuyu nikuchotee. Mimi sifukuzi mtu."