Kuku wa Mavuno

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili aliyemlea kuku tangu akiwa kifaranga. Mwewe alimchukua mama wa kifaranga, basi binti akawa ndiye mama. Ikafika Jumapili ya mavuno. Mvua ilikuwa imegoma mwaka ule na nyumbani hapakuwa na mahindi ya kutoa, hivyo akatolewa kuku. Mnajua tunavyofanya. Alifungwa miguu kwa kamba ya katani, akaning'inizwa kichwa chini hadi kanisani, akalazwa mbele ya madhabahu pamoja na maboga, ndizi na jogoo wa jirani, wangoje mnada baada ya ibada.

Na ibada za mavuno, vijana, mnazijua. Kwaya ya akina mama iliimba, ya vijana ikaimba, wageni wakatambulishwa, na kila mgeni akasalimia kana kwamba ndiye mhubiri. Jua likaingia dirishani likawapiga kuku pale sakafuni. Binti alikaa benchi la mbele na hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alimtazama kuku wake akihema, mdomo wazi, mabawa yametanuka. Roho ilimuuma.

"Mama," alinong'ona, "kuku ana kiu. Nimpelekee maji?"

"Tulia! Huyo si wako tena, ni wa Bwana."

Ninyi mngefanyaje? Naona mnavyotikisa vichwa, kila mmoja angeinuka! Haya. Binti hakuinuka. Wazee wa kanisa wamejipanga pale mbele, na yeye ni nani? Alitulia. Wakasimama kwa maombi, mzee mmoja akaombea wagonjwa, wajane, na kila kiumbe chenye pumzi. Hapo uvumilivu ukamwisha. Alichukua chupa yake ya maji, akaenda mbele, akapiga magoti na kuanza kufungua kamba.

Mzee akakatisha maombi. "We binti! Unafanya nini madhabahuni?"

"Shikamoo, mzee. Mama amesema kuku huyu ni wa Bwana. Sasa kuku wa Bwana anakufa kwa kiu."

Mama mtu alijifunika uso kwa kitenge. Mzee alimtazama kuku akinywa kwenye kiganja cha binti, kisha akasema polepole, akisahau kwamba kipaza sauti ki wazi, "Hata mimi nilimwona. Tangu wimbo wa kwanza."

"Hata mimi," akasema mtu wa nyuma. Na mwingine. Kumbe kanisa zima lilikuwa limeona! Bibi mmoja akaenda kumfungua jogoo. Jogoo alikuwa ameshakufa.

Mwenye macho haambiwi tazama, na kweli, sisi hatuhitaji kuambiwa. Tumemwona punda mwenye kidonda mgongoni akiongezewa gunia. Tumemwona mbwa akipigwa mawe, tukacheka ili tusichekwe. Ninyi vijana mnangoja wazee waseme. Wazee nao, niwape siri yetu, tunaona haya kuanza. Basi kesho ukimkuta mnyama anateswa, sema. Anza na shikamoo, lakini sema, na wakikunyamazisha, sema tena kwa adabu ileile.

Jogoo yule aliombewa na kanisa zima. Wa kumsemea hakumpata.