Mji Ulioitika

Hodi, jamani, hadithi iko mlangoni!

— Ipisheni iingie!

Iingie kwa kichwa au iingie kwa mkia?

— Kwa kichwa!

Imetoka mbali, ina vumbi miguuni.

— Ipeni maji, ikae!

Haya, imekaa. Sogeeni, moto ni mmoja, na wewe mwenye mguu nje ya mkeka urudishe. Nitasema haraka haraka, maana hadithi hii nikiisema polepole naogopa mwenyewe.

Hapo zamani, zamani za wanyama kuamkiana asubuhi, Ngiri alikuwa akiingia shimoni kama mnyama yeyote, kichwa mbele, mkia nyuma. Na shimo lenyewe hakulichimba. Shimo la Ngiri huchimbwa na Muhanga, yule mwenye pua ndefu anayefukua mchwa, akishiba huyo, kaenda zake. Muhanga akitoka, Ngiri anaingia. Ndiyo desturi yao.

Basi palikuwa na Mama Tope, na mumewe Baba Tope, na watoto wao: Tope, Vumbi, na kitinda mimba wao Chembe. Walikaa bondeni, wakala, wakanywa, wakagaagaa. Kisha Chui akahamia ng'ambo ya kijito. Jirani yao Digidigi alikuwa na watoto wawili. Jioni moja akawa na mmoja. Jioni nyingine akawa hana.

Tangu siku hiyo Mama Tope hakushusha mkia. Upepo ukipita, anashtuka. Jani likianguka, anashtuka. Mumewe akipiga chafya, anashtuka. Akawafundisha wanawe wimbo, wakauimba kwa kunong'ona asubuhi na jioni:

*Ziba, ziba mdomo,*
*Chui ana masikio.*

Wakajua kuziba. Wakijikwaa, kimya. Wakichomwa na miiba, kimya. Mtoto wa Ngiri halii, akasema mama yao, na watoto wakashika.

Akamwambia mumewe, "Baba Tope, tuhame."

"Tuhamie wapi?"

"Sijui wapi! Tutafute! Tuchukue watoto, twende, tulale huko, tuone."

Maana Ngiri wana msemo: mji hauonjwi kwa macho, huonjwa kwa ubavu. Usihamie mahali ambapo ubavu wako haujalala. Basi wakafunga virago, wakaenda, mikia juu kama vijiti, baba mbele, watoto katikati, mama nyuma akigeuka kila hatua.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, wakafika penye bwawa. Maji maangavu, majani hadi magotini, mashimo mapana yasiyo na mwenyewe. Baba Tope akajitupa topeni.

"Mke wangu, hapa! Peke yetu! Hakuna wa kutuuliza mmetoka wapi!"

Wakapiga kambi. Jua likazama. Mama Tope akasimamisha masikio, akasikiliza. Akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto.

"Baba Tope, husikii?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho. Mahali gani hapa, jua linazama na hakuna mtoto anayelia? Hata kifaranga? Hata mtoto wa chura?"

"Labda wamelelewa vizuri, kama wetu."

Kulipopambazuka wakaona gamba limeachwa kando ya maji, gamba la Chatu, limelala toka jiwe hadi jiwe. Baba Tope akaanza kulipima kwa hatua. Alipofika katikati akaacha kupima. Akasema, "Maji yenyewe yana chumvi," na wala hakuyaonja. Wakaondoka mbio.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, wakafika kwenye kilima. Kilima kizuri, jamani! Mashimo yamepangika, kila shimo na kizingiti chake, kila kizingiti kimefagiwa. Nungunungu akawapokea, miiba yake imechanwa vizuri.

"Karibuni, ndugu zangu. Hapa pana amani. Hapa hakuna wa kukuingilia."

Wakapiga kambi. Jua likazama. Mtoto wa Sungura akaanza kulia. Mama Tope akafurahi, akasema, afadhali, hapa pana watoto. Lakini mtoto akalia. Akalia tena. Akalia mpaka sauti ikakwaruza, na hakuna mlango uliofunguka.

Mama Tope akamwendea Nungunungu. "Kaka, kuna mtoto analia."

"Namsikia."

"Hamwendi?"

"Si wangu. Wala si wako, dada. Hapa kila mtu na mlango wake."

"Na wangu akilia?"

"Wako ni wako," akasema Nungunungu kwa upole, akaingia ndani, akaziba shimo kwa miiba.

Mama Tope mwenyewe akamfuata yule mtoto, akakaa naye mpaka mama yake aliporudi malishoni. Asubuhi Baba Tope akasema, "Hapa pana heshima." Mama Tope alikuwa amekwisha kufunga virago.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, na miguu ya watoto ikavimba. Wakafika uwanda mkavu. Vumbi na miiba. Mashimo ya zamani, kingo zimemomonyoka. Wenyeji waliwaona, wakawaamkia kwa mbali, lakini Mama Tope aliwaitikia kwa kichwa tu, akawakusanya wanawe karibu na tumbo lake, akasema moyoni, tulale tu, kesho tuondoke.

Alfajiri ukungu ukashuka. Baba Tope akawachukua Tope na Vumbi wakatafute maji. Chembe akamwambia mama yake, "Mama, nakojoa." Akaenda nyuma ya kichaka.

Hakurudi.

Mama Tope akanong'ona, "Chembe." Kimya. Akazunguka kichaka, akanong'ona, "Chembe." Kimya. Akarudi, akazunguka tena, ukungu mzito hata pua yake haioni, akanong'ona, "Chembe, mwanangu." Kimya.

Apige yowe? Akipiga yowe, na Chui naye ana masikio! Na asipopiga? Na akipiga, wakamjibu kama kule kilimani, wako ni wako? Anayedhuru asikie, anayesaidia asisikie!

Akafumba macho, akapiga yowe.

"Uwiii! Mwanangu!"

Upande ule, sauti ya Kanga: "Nani huyo? Nakuja!"

"Uwiii! Mwanangu!"

Upande huu, sauti ya Nyani: "Usisogee! Tunakuja!"

"Uwiii! Mwanangu!"

Na mbali, mbali sana, sauti nzito isiyo na haraka: "Nimesikia!"

Uwanda mzima ukatoka. Kanga na vifaranga wake, Nyani na mashemeji zake, Swala mwenye mimba, anakimbia hivyo hivyo. Wakatafuta vichakani, wakatafuta mashimoni. Lakini mashimo ya uwanda ule ni mengi, mapya na ya kale, nani atayamaliza?

Kanga akasimama, akauliza, "Mama, mbona mtoto wako halii? Akilia tu, tumempata."

Mama Tope akainamisha kichwa. "Nimemfundisha asilie."

Nyani akakohoa, akasema, "Basi mfundishe upya. Sasa hivi, kabla jua halijakaza."

Mama Tope akainua sauti. Sauti ilikuwa haijazoea, ilipasuka kama kibuyu, lakini aliimba:

*Lia, lia mwanangu,*
*Mama ana masikio.*

Kimya. Akaimba mara ya pili. Kimya. Akaimba mara ya tatu, na uwanda wote ukaimba naye, mama ana masikio, mama ana masikio, na chini ya ardhi, chini kabisa, kikatoka kilio kidogo chembamba, kilio cha mtu asiyejua kulia, anayejaribu tu.

"Huku!" Kanga akapaaza sauti.

Lilikuwa shimo jipya la Muhanga, refu, limeinama kama koo. Nyani mmoja akashuka kichwa chini, shemeji yake akamshika miguu, mwingine akamshika huyo, wakavuta, wakavuta, wakavuta, Chembe huyo, udongo mpaka puani.

Neno lake la kwanza: "Mama, sikulia." Halafu akafikiri. "Nimelia kidogo tu, mwishoni, kwa sababu umeniambia."

Mama Tope akalia kilio chake na cha mwanawe.

Baba Tope akarudi na watoto wawili, hana habari. "Mke wangu, nimeona kila kitu. Maji machache, tena mbali. Majani makavu. Hapa hapafai hata kwa nzi."

Wakati huo wenyeji wameshatawanyika, ukungu umeshainuka. Na kule vumbini akatokea Kobe, anahema, anajikokota, shingo imenyooka mbele.

"Nimesikia yowe! Mtoto yuko wapi?"

"Amepatikana, mzee wangu," akasema Mama Tope.

"Afadhali! Afadhali sana! Basi ngoja nipumue, nirudi."

Mama Tope akamtazama Kobe, akamtazama mumewe.

"Baba Tope, fungua virago. Tunakaa hapa."

"Na maji?"

"Maji tutayafuata. Huyu Kobe utamfuata wapi?"

Wakakaa. Na hofu haikumtoka Mama Tope, asiwadanganye mtu, hofu ya mama haihami. Ila tangu siku ile, jua likizama, Ngiri hutanguliza watoto shimoni, kisha yeye huingia kinyumenyume, mkia kwanza, uso nje. Masikio yanabaki mlangoni. Mtoto wa yeyote akilia, anatoka bila kugeuka.

Kwa hiyo, ukitafuta mji, usiulize maji yako wapi tu. Uliza: nikipiga yowe, nani anakuja?

Na kama mnabisha, muulizeni Kobe. Nilimwita aje kushuhudia. Amesema yuko njiani.

Hadithi yangu imeingia kwa kichwa, imekula, imeshiba.

— Sasa inatokaje?

Haitoki. Imegeuka, imeingia ndani kinyumenyume, uso nje, inasikiliza. Alale nani?

— Walale wote!