Shangazi wa Majiko Matatu

Mzee mmoja wa milimani alikuwa na jiko moja, na jiko hilo lilikuwa likilisha watu thelathini na wanane. Jina lake Shekalaghe. Alikuwa na wana watatu, wote wameoa, na wake zao waliitwa kwa majina ya vifungua mimba vyao: Mama Singano, mke wa mwana mkubwa, Mama Chambo, mke wa yule wa kati, na Mama Kaniki, mke wa mdogo. Alikuwa pia na dada yake, mjane asiye na mtoto, aliyerudi kwao zamani baada ya mumewe kufa. Huyo aliitwa Tunu, lakini jina hilo alilitumia kaka yake tu. Wengine wote walimwita Shangazi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nawasimulia hili leo kwa sababu ya hii sheria mpya. Tangu itangazwe kwamba wilaya yetu inagawanywa kuwa halmashauri tatu, hapa kwetu hakuna mazungumzo mengine. Juzi msibani, marehemu bado yumo ndani, watu wazima wamekaa kwenye majamvi wanabishania makao makuu yajengwe wapi. Na mimi nilikuwemo, tena sauti yangu ilikuwa juu kuliko za wengi. Kwa hiyo siwahubirii kama mtu aliye safi. Sikilizeni tu.

Jiko la Mzee Shekalaghe lilikuwa na sifa zake. Jungu kuu halikosi ukoko, na lile halikukosa: mgeni akija saa yoyote alipata cha kutia kinywani. Lakini lilikuwa limezidiwa. Nyumba ya mwana mdogo ilikuwa chini bondeni, na chakula kilifika huko kimepoa, msimu wa mvua kimeingia maji. Ukitaka chumvi, mpaka umwone Mama Singano. Ukitaka kuni, mpaka Mama Singano atoke shambani. Siku moja mtoto wa Mama Kaniki alishikwa na homa akaomba uji, na uji ulipofika bondeni mtoto alikuwa ameshalala na njaa yake. Mama Singano hakuwa mbaya, jamani. Alikuwa mtu mmoja mwenye mwiko mmoja, na watu ni thelathini na wanane.

Mzee akaliona hilo. Akawaita wanawe, akawaambia kuanzia mavuno yajayo kutakuwa na majiko matatu, la juu, la kati na la bondeni. Mwana mkubwa, Hoza, ndiye aliyesoma, basi akachukua daftari akaandika sheria yenyewe. Waliandika mipaka, kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye mfenesi. Waliandika vyungu vya nani na kinu cha nani, na kila jiko lichanje kuni upande gani wa mlima. Kazi hiyo iliwachukua wiki tatu, na waliifanya kwa uangalifu. Nataka mnielewe hapo: kugawa hakukuwa kosa. Mtu aliye mbali na chungu akisogezewa chungu, hiyo ni haki yake.

Walikwama mahali pamoja tu. Lipi litakuwa Jiko Kuu? Hoza alisema ni la juu, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Wa kati akasema ni la kati, kwa sababu kila mtu anapita hapo. Yule mdogo akasema watu wa bondeni wamekuwa wa mwisho tangu wazaliwe, safari hii na wao wawe wa kwanza. Na kwa desturi ya nyumba ile, alikokula Shangazi ndiko wageni walikopelekwa, na ndiko mashauri yalikokatwa. Basi kila mmoja akaanza kumvuta Shangazi awe wa kwake. Mmoja anamletea ugoro, mwingine anamwezekea kibanda chake, ambacho kilikuwa papo hapo mipaka yote mitatu ilipokutana.

Mzee alipoona ndugu wanaanza kupishana njiani bila salamu, akaamuru kiongezwe kifungu kimoja. Hoza akaandika: Shangazi ni wa majiko yote matatu. Atakula apendapo, na jiko lolote lisimvute. Wote wakapiga makofi. Shangazi mwenyewe alicheka, akasema ametoka jiko moja ameingia matatu, sasa ni tajiri. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika mzee akiwa amekaa papo hapo, na hakuna aliyelisikia likiharibika.

Majiko yakawaka. Bondeni walikula ugali wa moto kwa mara ya kwanza, na Mama Kaniki aliimba siku nzima. Shangazi, kwa mazoea, siku ya kwanza alikula kwa Mama Singano. Jua halijazama, neno limeshaenea kwamba Jiko Kuu limejulikana. Kesho yake Mama Chambo alimwamkia Shangazi kwa mbali. Shangazi akaelewa. Siku ya pili akala kwa Mama Chambo, na huko juu Hoza akanuna. Watoto hawa wa kaka yake aliwabeba mgongoni, wote watatu. Alijua kununa kwa kila mmoja wao tangu hajaota meno. Siku ya tatu akaamua kwamba hatakuwa yeye wa kuwagombanisha.

Na desturi zetu za kukaribishana mnazijua. Mtu wa heshima ukimwambia karibu tule, atakujibu ameshakula. Hapo humwamini. Unamwambia tena, halafu unamshika mkono, unamnawisha, unamkalisha. Mtu wa heshima harukii sahani. Katika jiko la zamani hayo yote hayakuhitajika, kwa sababu Shangazi alikuwa mwenyeji: alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi anachagua maharage, na sahani ilimfuata mkononi. Sasa amekuwa na majiko matatu, na katika yote matatu yeye ni mgeni.

Alipita kwa Mama Singano, akaitwa, "Shangazi, karibu tule."

"Nimeshakula, mwanangu. Kuleni."

Mama Singano alitaka kumshika mkono. Akakumbuka kifungu, lisimvute, akaogopa kuambiwa anataka ukubwa. Akadhani Shangazi amekula kwa Mama Chambo, na roho ikamuuma kidogo. Mama Chambo naye alijibiwa vile vile, akadhani amekula bondeni. Mama Kaniki alijibiwa vile vile, akadhani amekula juu, maana huko ndiko alikozoea. Wanawake watatu wema, kila mmoja na chungu chake cha moto, kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kwa sababu ya mgeni ambaye hakula kwa yeyote. Na kila usiku walilala wakijua wameitii sheria.

Mtaniuliza kwa nini hakujipikia. Macho yake yalikuwa yamefifia, na mara mbili alikuwa ameshaunguza nguo yake motoni. Mtaniuliza kwa nini hakusema. Mwanamke aliyelea nyumba nzima, anaanzaje kuomba ugali? Na angeomba kwa nani, ili nani anune? Alikuwa akinywa chai ya asubuhi kwa kaka yake, akiokota kiazi kilichobaki, na wajukuu wakimpa ndizi alimega nusu akawarudishia nusu. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Alijifunga khanga mbili ili asionekane alivyokonda, na kwa kuwa kulikuwa na baridi hakuna aliyeshangaa. Mimi nampenda sana mwanamke huyu, lakini hapo nilitamani nimgombeze.

Asubuhi ya Alhamisi Mama Kaniki alikuwa akienda kuteka maji. Alimkuta Shangazi amekaa pembeni mwa njia, karibu na kibanda chake, ameegemea ukingo wa shamba, ndoo imelala ubavuni na maji yamemwagika. Alimwamkia, akaitikiwa kwa sauti ndogo. Akainama amwinue, na akamwinua peke yake kama anayeinua mtoto, bila kuita mtu wa kumsaidia. Hapo ndipo alipoogopa. Akamkalisha tena taratibu, akapiga ukelele, na Mzee akaja anachechemea na fimbo, akaketi chini kwenye tope bila kutazama anapoketi.

"Tunu," akasema, "jana ulikula kwa nani?"

Shangazi alimtazama, akatabasamu kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Kaka, kukaribishwa, nimekaribishwa kote."

Mzee akaelewa. Alilia pale pale mbele ya wakaza wanawe, wala hakujifunika uso. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, na alikuwa amemgawia majiko matatu kwa mkono wake mwenyewe. Mama Singano alifika na bakuli la makande, Mama Chambo akafika na ndizi za kuchemsha, na kila mmoja akaanza kusema, nilidhani yuko kwako. Hakuna aliyeimaliza sentensi hiyo. Mama Kaniki alikuwa ameshakimbia bondeni na kurudi na uji. Hakumkaribisha Shangazi. Alimshika mkono, akaunawisha, akamwegemeza kifuani, akamnywesha kijiko kwa kijiko, na Shangazi aliposema ametosheka hakumsikiliza. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kama uji huo una maana kwamba Jiko Kuu ni la bondeni.

Alipona, alhamdulillahi. Majiko yalibaki matatu, wala hakuna aliyetaka kurudi kwenye lile moja. Hoza, kwa kuwa ni mtu wa kalamu, alitaka kuongeza vifungu: Jumatatu Shangazi atakula juu, Jumanne atakula kati, na kuendelea. Wanawake wakamwambia aandike tu, daftari ni lake. Wao walikuwa wameshapeana kazi yao. Kabla ya kupakua, kila mmoja alipanda au aliteremka mpaka kibandani akamwone Shangazi kwa macho yake, na akimkuta anasema ameshakula, alimshika mkono hata hivyo. Wiki ile ya kwanza Shangazi alikula mara tatu kila mchana, mpaka akawaomba wamwonee huruma. Wakwe wale watatu walicheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu jiko ligawanywe.

Ndugu zangu, Jumatatu madiwani wetu wanaapishwa. Ramani nimeiona, mipaka imechorwa vizuri, na makao makuu yatajengwa watakapoamua kuyajenga. Mimi ninalo moja tu. Pale mtoni, halmashauri zote tatu zinapokutana, kuna kaya kumi na saba za wenzetu. Zahanati waliyokuwa wakitibiwa imeangukia upande mmoja, shule ya watoto wao upande wa pili, na ofisi ya kuandikia majina yao upande wa tatu. Jana nilipita kwao nikawauliza sasa wataenda kwa nani. Walinipisha kwenye kiti, wakanipa maji ya kunywa, wakasema nisiwe na wasiwasi, wao hawana neno. Nami, Mungu anisamehe, niliwaamini nikaondoka. Ninyi mtawaamini mpaka lini?