Donge la Nakazwe

Hapana, Upendo, neno hilo halikutoka kwa mwalimu wenu. Mwalimu naye kalikuta tu. Sogeeni hapa, na msiukalie unga wa bibi yenu. "Donge nono si uzi mrefu." Methali hii ilianza hukuhuku kwetu Ufipa, enzi zile watu wanavaa nguo walizofuma wenyewe. Aliyeianzisha ni mama mmoja mjane, Nakazwe jina lake, mwanamke wa mdomo kwelikweli. Mimi shule niliishia kuchunga mbuzi wa mwalimu, lakini hili nalijua.

Basi, wakati huo wanawake walilima pamba na kuisokota. Unakizungusha kijiti pajani, pamba inavutika, uzi unajiviringa. Kufuma ilikuwa kazi ya wanaume, na mfumaji mkuu alikuwa Mzee Sichalwe. Ndiye pia aliyegawa vishamba vya pamba. Mlangoni kwake alitundika pete ya fito. Kila kiangazi kila mwanamke alileta donge lake la uzi, likapimwa kwenye pete. Likikwama, vizuri, kishamba chako unaendelea nacho. Likipita, wewe ni mvivu, anapewa mwingine.

Wanawake nao si wajinga. Ukisokota kwa kulegeza, uzi unajaa hewa, unavimba kama andazi. Pamba kidogo, donge kubwa! Nguo zenyewe sasa, ukiinama tu, zinapasuka. Watu wakawalaumu panya.

Nakazwe kulegeza hakuweza. Mama yake alimfundisha kukaza, mpaka uzi ukiuachia unajikunja wenyewe. Miaka mingine wingi wa pamba ulimwokoa; mwaka huo ilikuwa haba, akaisokota yote hivyo, donge likawa dogo tu. Alijua litapita. Alijua pia kwamba bila kishamba kile wanawe watatu watakaa uchi mwaka mzima. Akalipeleka hivyohivyo.

Likapita. Pu, chini.

Wifi yake, Mwati, akaangua kicheko. Huyu donge lake lilikwama barabara, na kishamba kile alikitamani tangu kaka yake afe.

"Wifi, hilo ni donge au yai la kanga?"

"Kishamba ni cha Mwati," akasema Sichalwe. "Anayefuata!"

Nakazwe akaketi palepale mlangoni, miguu kainyoosha.

"Mama, nimesema anayefuata."

"Nimesikia, baba. Hakuna anayefuata. Shika donge langu mkono huu, la wifi mkono ule."

"Wewe! Mimi nimeanza kufuma hujazaliwa!"

"Ndiyo, na nguo zako zinapasuka hazijafuliwa. Shika!"

Watu wakaziba midomo. Mzee akashika, kwa hasira tu. Nakazwe akawa anaitazama mikono ya mzee, akauona mmoja unashuka. Donge dogo lilikuwa zito kuliko kubwa.

"Humu mna jiwe," akasema Sichalwe.

"Kaficha jiwe!" Mwati akadakia. "Mwizi!"

Kuitwa mvivu, sawa, Nakazwe angevumilia. Mwizi, hapana.

"Yafunguliwe yote mawili," akasema. "Jiwe likionekana, nahama na wanangu leo hii. Lisipoonekana, baba, pete yako unaivunja mwenyewe kwa goti."

Mzee atakataaje mbele ya kijiji kizima? Ncha zikafungwa nguzoni, wasichana wawili wakaanza kutembea wakifungua. Uzi wa Mwati ukazunguka kihenge cha nafaka, ukafika zizini, ukaisha. Wa Nakazwe ukazunguka kihenge, ukapita zizi, ukapita jiko, ukarudi nguzoni, ukaanza tena. Mara tatu! Ua mzima ukawa kama buibui kahamia. Mwishowe msichana akafungua kiganja. Hakuna jiwe, hakuna hata kokoto.

Sichalwe akauvuta uzi wa Mwati, ukaachana kama moshi. Akauvuta wa Nakazwe, ukamkata kidole. Alikuwa mkaidi, lakini neno lake alilishika. Akaitungua pete, akaivunja gotini. Ka!

"Haya, mama. Kishamba nimekurudishia."

"Hujanirudishia, baba. Hakijawahi kunitoka."

Wakati huo ugali wa ulezi ulishaiva, maharage yananukia, na watu hawajala tangu asubuhi. Ila kuvuka ua ndiyo kazi, nyuzi kila mahali. Mwati akainua mguu aruke.

"Wifi, ukanyage uzi wangu uone," akasema Nakazwe. "Hali mtu hapa mpaka uzi urudi kwenye donge. Na anayeukunja ni yule aliyetangulia kusema jiwe."

Basi Mzee Sichalwe, mfumaji mkuu, akainama akaanza kukunja. Kihenge, zizi, jiko. Jasho linamtoka, tumbo linanguruma. Alipopita mbele ya chungu, mwanamke mmoja akamwambia, "Donge nono si uzi mrefu, baba!" Mzunguko wa pili wakasema wote, hata Mwati, maana njaa haina wifi. Wa tatu akasema mzee mwenyewe, kwa sauti ndogo, anahema: "Kweli. Donge nono si uzi mrefu."

Nakazwe akalipokea donge lake, akalibonyeza kuona kama limekazwa sawasawa. Ndipo akachukua maji, akamnawisha mzee mikono, na wote wakaketi kula ule ugali, umeshapoa.