Mashine Iliyolia Shambani kwa Somoe

Usichokifukia usikifukue. Mmeisikia leo, mkacheka, mkadhani ni maneno ya makaburini. Siyo. Mmeuliza ilitoka wapi, basi sikilizeni, na mwenye kusinzia akalale. Methali hii ilizaliwa shambani, mchana kweupe, na aliyeizalisha alikuwa mwanamke mwenye akili zake timamu.

Jina lake Somoe binti Shamte, wa Mtondwe, kijiji cha kusini kilicho jirani na magofu ya mji wa kale. Baba yake alipofariki aliacha shamba moja refu, lililoanzia kilimani kwenye mikorosho na kuishia bondeni kwenye mpunga. Likagawanywa kwa urefu: upande mmoja wa Somoe, wa pili wa kaka yake, Ngaweje. Ndugu hawa walikuwa wamekwisha kugombania hatua tatu za bonde, wakanyimana salamu miaka minne. Wazee ndio walioingia kati, wakapima, wakawapatanisha. Siku ya kupima Somoe hakuwepo. Alikuwa kwa mumewe, ng'ambo ya mto, ana mtoto mchanga. Aliletewa habari tu kwamba mpaka ni ua wa minyaa. Akaridhika.

Miaka ikapita, Somoe akafiwa na mume, akarudi kulima kwao. Minyaa nayo ilikuwa imefanya ilivyotaka. Mingine iliungua kwa moto wa kuandaa mashamba, mingine ikaota ovyo hadi ikawa kichaka. Hakuna aliyejali. Kaka na dada walikuwa wanasalimiana, na bonde lilikuwa linawalisha wote.

Basi kiangazi kimoja akaja mtu aitwaye Chande, fundi redio wa mjini, amebeba fimbo yenye sahani chini na vipokea sauti masikioni. Ilikuwa mashine ya kutafutia chuma. Alitaka sarafu za masultani wa kale, zile ndogo zenye kutu ambazo wakulima wa Mtondwe waliziokota baada ya mvua na kuzitupa wakiziita pesa za mashetani. Mwenyekiti wa kijiji alimruhusu, kwa sharti kwamba kila kitakachopatikana kipelekwe kwa watu wa mambo ya kale.

"Na mimi napata nini?" Somoe alimwuliza.

"Huenda wakatupa chochote, dada. Na jina lako litaandikwa."

"Jina halipikiki. Haya, tafuta, lakini mashimo uyafukie."

Siku ya kwanza zilitoka sarafu tatu, za kijani kama ukungu wa mkate. Siku ya pili, pembeni mwa kichaka cha minyaa, mashine ikapiga kelele hata Chande akavua vipokea sauti. Akachimba hadi kiwiko.

"Dada, hii si sarafu."

"Naona. Ni nini?"

"Ni jembe."

"Jembe nalijua. Nakuuliza linafanya nini humo ndani."

Lilikuwa jembe lisilo na mpini, limelazwa kifudifudi juu ya vipande vya mkaa. Somoe alilizunguka mara mbili asilielewe. Mtondwe jembe halitupwi. Hulimiwa hadi libaki kama kijiko, kisha hupelekwa kwa mhunzi. Nani basi azike jembe zima, tena kwa adabu, na mkaa chini yake kama godoro? Akawaza ufuta wake uliokauka miaka miwili mfululizo. Akawaza jirani mmoja wa zamani aliyewahi kumtazama vibaya sokoni. Mawazo yakagongana kichwani, na lililopiga kelele kuliko mengine ndilo likashinda.

"Nimefungiwa shamba kwa uchawi," alisema. "Pitisha mashine yako kote. Toa yote."

Wakatoa tisa. La kwanza kilimani, la mwisho bondeni kwenye tope, na yote yalikuwa yamenyooka kama uzi wa mshonaji.

"Dada," Chande alisema huku akikuna kichwa, "mchawi gani huyu anapima kwa kamba?"

Swali hilo lilimkaa Somoe rohoni siku nzima. Hakulipatia jibu, na badala ya kwenda kumwuliza mtu, akaliacha. Aliyabeba majembe, akayatosa mtoni penye kina. Mkaa akautawanya, kisha akayafukia mashimo yote na kulima juu yake ili uchawi usipate pa kurudi. Chande akaenda zake na sarafu za serikali.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Somoe alishuka bondeni akamkuta Ngaweje ameinama, analima.

"Kaka, shikamoo. Lakini hapo unalima kwangu."

"Marahaba. Hapa ni kwangu, na nimekuachia hata hatua mbili."

"Umeniachia? Minyaa iko nyuma yako!"

"Minyaa hutembea, Somoe. Usianze. Mimi sitaki turudi kule tulikotoka." Akachomeka jembe lake ardhini. "Mambo ni mepesi. Twende tukalifukue, tuone, tulifukie tena."

"Tukafukue nini?"

"Jembe la mpaka. Si wazee walifukia tisa, na mkaa chini yake kwa sababu mkaa hauozi? Hukuambiwa?"

Somoe alikaa pale pale, kwenye tope, na khanga yake safi.

Hakuficha. Alimweleza yote, na Ngaweje akamsikiliza mdomo wazi. Wakayatafuta mashimo, lakini jembe na mvua vilikuwa vimeyafuta. Wakamfuata Mzee Mpili, pekee aliyebaki kati ya wapimaji wanne, wakamleta kwa baiskeli huku akinung'unika kwamba mgongo unamuuma.

"Tulianzia kwenye mkorosho," alisema.

"Upi, babu?"

"Ule uliokuwa hapa."

"Hapa wapi?"

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia. Akapiga hatua kumi, akarudi nane, akasimama. "Kungekuwa na jembe ningekuonyesha," alisema kwa hasira. "Tuliyaficha ili asije mtu akayasogeza! Chuma hakitembei mpaka kitembezwe. Usichokifukia usikifukue, binti Shamte. Hata kuuliza ulishindwa?"

"Ningemwuliza nani?"

"Yeyote mwenye mvi! Kijiji kizima kina mvi!"

Somoe alimgeukia kaka yake. Kuliko kunyimana salamu tena, heri njaa. "Kaka, zichukue zile hatua tatu. Yaishe."

Ngaweje alitazama tope lililonyooka mbele yake, halina alama hata moja. Miaka yote alikuwa na hakika kwamba dada yake anaimega ardhi yake kidogo. Sasa hakuwa na hakika ya kitu chochote.

"Nitazichukuaje," alisema, "nami sijui zinaanzia wapi?"

Kila mmoja akaogopa kumdhulumu mwenziwe, na kila mmoja akaogopa kudhulumiwa. Wakarudi nyuma, huyu huku na yule kule, mpaka kila mmoja alipokuwa na uhakika kwamba hapa kweli ni kwangu. Katikati ikabaki ardhi ya hatua kumi na mbili, kutoka kilimani hadi kwenye tope lililo nono kuliko lote. Hakuna aliyeilima. Somoe alivuna magunia manne pungufu mwaka ule, na kila mwaka uliofuata. Kaka yake vivyo hivyo. Walisalimiana hadi kufa kwao, lakini wakati wa palizi kila mmoja alikuwa akifika ukingoni, anasimama, anaangalia majani yale na kushindwa kujua anatazama mali ya nani.

Wajukuu wao nao hawajui. Majani bado yapo, marefu kupita mtu, na mbuzi wa watu wanashiba bure. Nyinyi mkikuta kitu mahali, kimewekwa kwa mkono wa mtu na hamwelewi ni cha nini, ulizeni kwanza. Usichokifukia usikifukue.