Kikoi cha Machano

Wahenga wetu waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakizungumza habari ya chawa na kunguni peke yao, ijapokuwa hao nao tunawajua. Walitaka kutuonya kwamba mtu anayeumwa huwa mwepesi wa kumnyooshea kidole jirani na mzito wa kujipekua mwenyewe. Asiyeamini na asikilize yaliyomfika Msabah wa mtaa wa Amani, miaka michache baada ya Mapinduzi.

Msabah alikuwa na lori, na alilipenda mno. Mwanakheir, mkewe, alizoea kusema kwamba hakuolewa peke yake, aliolewa pamoja na gari. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini lilipambwa likapambika. Juu ya paa lilikuwa na taa mbili za ziada, ubavuni taa nyekundu, mbele honi ya kuimba, na ndani feni na redio. Vyote hivyo Msabah alivifunga kwa mkono wake. Kila alipopata kifaa kipya alikikatia waya, akaupitisha popote palipopitika, akaupachika kwenye betri juu ya nyaya nyingine. Fundi hakumwita, kwani kwa maoni yake fundi ni mtu anayekuja kwako kuchungulia ulichonacho. Ukifungua sanduku la betri, lililokuwa ubavuni chini ya mlango wa dereva, ulikuta nyaya za kila rangi zimesokotana kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi.

Wakati huo majumba mapya yalikuwa yakijengwa mjini, na mawe yalitakiwa kila siku. Kazi ya kuyachukua kutoka machimboni waliiomba watu wawili wa mtaa mmoja, Msabah na jirani yake Machano, ambaye naye alikuwa na lori, la kawaida tu, lisilo na hata taa moja ya urembo. Kazi akapewa Msabah. Machano alimpa mkono wa hongera, akasema riziki haigombewi. Msabah aliupokea ule mkono, lakini moyoni akajiuliza mtu aliyekosa anacheka nini.

Tangu siku hiyo usingizi wake ukapungua. Aliogopa husuda kuliko alivyoogopa ajali. Akanunua ubao mdogo ulioandikwa "Mashaallah" kwa rangi ya dhahabu, akautundika nyuma ya kiti cha dereva, akaufunika kwa kipande cha kanga ili watu wasijue kwamba anajilinda. Chini ya ile kanga, juu ya ubao, akafunga globu ndogo ya kijani ya kuumulika. Globu ile hakuiwekea swichi. Alisema ulinzi haulali, basi na taa yake isizimwe usiku wala mchana.

"Maneno ya Mungu hayataki betri, Baba Kazija," Mwanakheir alimwambia kwa utani. Msabah akamjibu kwamba yeye hawajui watu.

Haukupita muda, lori likaanza kugoma asubuhi. Msabah aliwasha, stata ikakoroma kama mzee mwenye pumu, kisha kimya. Mara akatoka Machano, kikoi kiunoni, akauliza hali, akaliegemeza bega kwenye nguzo ya mlango na kusukuma kufuata mteremko mpaka injini ikashika. Mchana kutwa lori likaenda vizuri. Alfajiri ya pili, hadithi ikawa ile ile, na Machano akatoka tena.

Mtu mwingine angeshukuru. Msabah alianza kupeleleza. Kwa nini Machano yuko tayari kila asubuhi, kana kwamba ameambiwa? Kwa nini lori lake yeye linawaka kwa mara moja? Akauchukulia ukimya wake kuwa ni njama na salamu zake kuwa ni dhihaka. Alitia kufuli kwenye sanduku la betri. Asubuhi kufuli zima, betri imekufa. Mwenye akili zilizotulia angeona kwamba mwizi asiyegusa kufuli yumo ndani ya kufuli, lakini shaka ikishaingia kichwani, akili hupisha njia. Msabah aliamua kwamba Machano ana ufunguo bandia. Kisha, ili kuzidisha kinga, akafunga globu ya pili kando ya ile ya kwanza. Baada ya hapo betri ikawa haina hata nguvu ya kukoroma, na betri mpya siku zile huipati hata ukiililia.

Mawe yakawa yanachelewa. Msimamizi wa ujenzi akamwonya kwamba wenye malori ni wengi. Msabah aliposikia hivyo, jina moja tu lilimjia.

Siku moja Machano alipokuwa akisukuma, Msabah alikitupia macho kikoi chake. Upande wa kulia, usawa wa paja, kilikuwa na vitundu vidogo vidogo, vimeliwa pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nani asiyejua kwamba maji ya betri yakigusa nguo huitoboa hivyo hivyo? Akaona ushahidi amevalishwa mwizi mwenyewe na Mungu.

Jioni alimwambia mkewe kwamba anakwenda kwa Mzee Nahodha, mwenyekiti wa tawi la chama. Mwanakheir aliweka chini ungo aliokuwa akichagulia mchele. Utani wote ulimtoka. Miaka ile, mtu akishatajwa kwamba anahujumu kazi ya ujenzi wa taifa, aliitwa, na kurudi kwake hakukuwa na mwenye uhakika nako. Machano alikuwa na mke na mama kipofu.

"Kama umekosea, utamrudisha vipi?" aliuliza.

"Sijakosea," alisema Msabah, akavaa kofia, akatoka.

Mzee Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeona mengi katika miaka hiyo na kujutia baadhi yake. Alisema neno kama hilo halichukui juu juu. Asubuhi atakuja mwenyewe, na betri ifunguliwe na fundi wa umeme mbele ya mshitaki na mshitakiwa, kisha litakaloonekana ndilo atakaloliandika. Msabah hakumpenda fundi yeyote, lakini aliridhika. Alitaka Machano aumbuke hadharani.

Asubuhi ikafika. Akaja Mzee Nahodha na fundi Matar, mtu wa maneno mengi na kisanduku kidogo cha bisibisi. Lori likagoma kama kawaida yake. Machano naye akatoka, kikoi kile kile, akamwamkia mzee shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya mlango.

"Leo usisukume, Machano," alisema Mzee Nahodha. "Bwana Msabah anasema wewe ndiye unayeiua betri yake. Simama tutazame."

Machano aliliondoa bega lake polepole, akasimama mikono imening'inia.

Matar alifungua sanduku, akaguna, akauliza nani aliyefanya matapishi haya. Akaeleza kwamba betri haikukazwa, kwa hiyo kila lori likiingia shimoni inamwaga maji yake, na sanduku limeoza mpaka linatoa jasho kwa nje. "Anayesimama hapa kusukuma," alisema huku akipagusa kwa bisibisi mahali Machano anapoegemea kila siku, "nguo yake haisalimiki."

Wote wakakitazama kikoi.

Matar akazing'oa nyaya zote, akamwuliza Msabah kama vifaa vyote vimezimwa. Msabah akala kiapo kwamba vimezimwa. Fundi akaanza kuigusisha betri waya mmoja mmoja. Wa taa, kimya. Wa honi, kimya. Wa feni na wa redio, kimya. Akaugusisha ule mwembamba uliozama chini ya wenzake, na cheche ndogo ikaruka.

"Huu unakula," alisema Matar, akaubana pale pale. "Unakwenda wapi?"

Msabah alijua unakwenda wapi. Ulinzi hakuwahi kuuhesabu kuwa ni kifaa, ndiyo maana aliapa kwa moyo safi. Alipanda kwenye lori, akaifunua kanga. Globu mbili za kijani zilikuwa zikiwaka kwa unyonge, kama zilivyowaka usiku kucha, na usiku uliotangulia. Akazigusa. Zilikuwa vuguvugu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliposhuka, Machano alikuwa bado amesimama pale pale.

"Kila asubuhi nlikupa bega langu," alisema taratibu. "Ukinitazama, ulikuwa unaona nini?"

Mzee Nahodha alisema hana la kuandika, akaenda zake.

Matar alifanya kazi siku nzima. Alifunga betri kwa mkanda, akatoa waya mmoja mnene hadi kwenye kibao cha fyuzi, na kila kifaa akakipa fyuzi na swichi yake, globu zile nazo zikiwemo. Nyaya akazilaza pamoja na kuzifunga vizuri. Kesho yake lori liliwaka kwa mara moja. Msabah alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma, akautazama mlango wa jirani. Haukufunguliwa. Lori halikuhitaji tena mtu wa kusukuma, na mtu wa kusukuma hakuja.

Alikwenda kumwomba radhi, akamchukulia kikoi kipya kutoka sokoni Darajani. Machano alikipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, wala hakumsema kwa mtu. Lakini kila jioni, alipotoka kubarizi barazani, alivaa kile cha zamani. Msabah akirudi na lori lake lisilogoma tena, huviona vile vitundu tokea mbali, naye huinamisha macho. Alitafuta mla betri mtaa mzima, kumbe alimfunga mwenyewe kwa waya na kumfunika kwa kanga. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.