Unga Mfukoni

Mkulima mmoja wa milima ya Umatengo, jina lake Kinunda, alikuwa na mwana wa pekee. Mwana huyo, Gaudensi, alilikataa jembe, akaondoka bila kuaga kwenda kuchimba dhahabu mbali kaskazini, ng'ambo ya ziwa kubwa. Kwa desturi ya ukoo wao, aliyeondoka bila baraka hakanyagi tena ua wa baba yake mpaka baba, kwa mkono wake mwenyewe, amfungie unga kidogo na kumtumia, ishara kwamba amesamehewa.

Barua ya kwanza ilifika wakati wa kuchuma kahawa. Kinunda aliichana pembeni, akaigeuza juu ya kiganja, akaitikisa. Alikuwa ameapa kwamba mwana aliyemwacha kwa ajili ya dhahabu ataanza yeye kutuma dhahabu, ndipo atumiwe unga. Hakikudondoka kitu. Ndipo akaisoma: "Baba, nitumie unga nirudi."

Ya pili ilisema maji yameingia shimoni. Ya tatu ilisema mvua haikatiki, na magogo yanayoshikilia kuta yameanza kulia. "Wenzangu wanarudi kwao. Mimi sina kwetu mpaka unga ufike."

Kila mara Kinunda alitikisa kwanza. Mkewe, Skolastika, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, ungo mkononi.

"Baba Gaudensi," alisema, "bahasha si mti wa kahawa. Hata ukiitikisa mpaka kesho, kilichomo ni mtoto."

Neno hilo lilimchoma. Alichota unga kwenye ungo, akaufunga katika karatasi, akautia mfuko wa shati. Mara mbili alikwenda nao mpaka posta, na mara mbili akarudi nao. Alisema moyoni: nangoja barua moja tu.

Barua hiyo ilikuja, nayo ilikuwa nzito. Aliitikisa, na kweli, punje za njano zikadondoka kiganjani, zikang'aa juani. Kinunda akacheka. Akamwita mkewe aje aone. Kisha akakunjua karatasi, akaona kwamba mwandiko si wa mwanawe. Wachimbaji wenzake walikuwa wameandika: shimo liliporomoka Jumanne, tumemzika huku, hiki ndicho tulichokikuta mfukoni mwake.

Na mfukoni mwa Kinunda, unga ulikuwa bado umefungwa.

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tunaotembea na msamaha mfukoni, tukingoja kwanza kitu kidondoke?